KUTOKA UWANI MPAKA GHOROFA YA SITA
Historia ya kikundi chetu na nyumba tunazoishi Kariakoo

Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi, ingawa hatukufika wote. Pili nawashukuru wanakikundi wenzangu kwa kunipa kazi hii ya kuandika historia, ingawa mimi ni mtu wa darasa la saba tu, nilimaliza mwaka 1984, na mkono wangu umezoea daftari la hisa kuliko insha. Basi mkikuta makosa mnisamehe.

Katibu wetu aliniambia, "Mama Mwenyekiti, wewe andika tulivyoanza, wanachama wangapi, hisa shilingi ngapi, imetosha." Nikakaa na kalamu nikaona hiyo haiwezekani. Kikundi hiki hakikuanzia ofisini wala kwenye semina. Kilianzia kwenye ngazi, na ngazi zenyewe zilikuja baada ya uwani kuondoka. Kwa hiyo nitaanza na nyumba, na asiyependa habari za zamani aruke mpaka pale pampu ilipoungua.

Wazee walitusimulia, na vitabu vinakubali, kwamba jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko hapa kabla ya vita. Vita ikaingia 1914, na Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916 wakawaweka wapagazi wao hapo hapo. Watu wetu wakalitamka jina kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo moja. Wapagazi wale walikufa makumi elfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Ile sanamu ya Askari pale mjini, iliyowekwa mwaka 1927, ni kumbukumbu yao pia, ingawa aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki na mbeba mzigo haonekani. Mimi kila nikipita huwa nafikiria makuli wetu wa Mtaa wa Congo.

Baada ya vita Waingereza waliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu wakakaa upande wa baharini, Wahindi katikati, Waafrika huku Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikaachwa uwanja mtupu ili kututenga. Ndipo zikajaa hapa nyumba za Kiswahili. Vijana wetu waliozaliwa ghorofani hawazijui vizuri, kwa hiyo nitaieleza moja, ya bibi yangu mzaa mama.

Bibi alilipia kiwanja chake miaka ya hamsini kwa pesa ya vitumbua na ya mchezo. Wakati ule wanawake wengi wa Kariakoo walikuwa na nyumba zao wenyewe, jambo ambalo siku hizi watu wakisikia wanadhani tunatia chumvi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi umepita katikati. Kuta za miti na udongo zilizopigwa chokaa, na paa la mwanzo lilikuwa la madebe yaliyokunjuliwa, baadaye ndiyo likaja bati. Mbele kuna baraza, hapo ni pa wanaume na bao lao na kahawa. Ukipita ukumbi ukatokea nyuma ndiyo uwani: jiko, bafu, choo, bomba moja, kamba za kuanikia, na mwembe uliokuwa mwembamba kwa kukosa jua.

Vyumba vinne vilikuwa vya wapangaji. Kulikuwa na Mmakonde mmoja na mkewe, Mmanyema mshona viatu, dada wawili wa Kizaramo, na chumba cha nne kila mwaka watu wengine. Nafasi haikuwepo, nisiwadanganye. Sisi wajukuu tulilala sita kwenye mkeka mmoja, na asubuhi foleni ya choo ilikuwa inafika jikoni. Watu wakisifu nyumba za zamani husahau foleni ya choo. Lakini kwa mwanamke chumba kilikuwa mahali pa kulala tu. Mchana wote tulikuwa uwani. Mboga ikichambuliwa inachambuliwa na watu watano, mtoto akilia yupo wa kumbeba, na mume akiinua mkono majirani wanamsikia kabla haujashuka. Na mchezo ulichezwa pale pale. Bibi ndiye aliyekuwa kijumbe. Hakuwa na daftari, maana hakujua kusoma, alikuwa na mafundo kwenye kamba, kila fundo na mtu wake, na sikuwahi kusikia kwamba mtu alidhulumiwa.

Kutokana na uwani kama huo ndipo mambo makubwa yalipotokea. TANU ilizaliwa huku huku kwetu tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza akina mama kwenye chama alipitia kwa wanawake wa vikundi vya ngoma, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma iliyoitwa Bomba. Bibi alikuwa akisema kwamba kadi za TANU zilikuwa zinapita uwani pamoja na pesa ya mchezo, na bwana asijue.

Ghorofa zilikuwepo tangu zamani, lakini chache, nyingi za Wahindi. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba ya bibi haikufikia thamani hiyo hata robo, hivyo haikuguswa. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alifungua soko jipya, lile jengo lenye paa kama miavuli iliyogeuzwa, lililochorwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nilibebwa mabegani kwenda kuangalia, nikaogopa kushuka Shimoni.

Mabadiliko yenyewe yalianza na ruksa ya Mzee Mwinyi. Mitumba ikaingia, vitenge, redio, sabuni za kila rangi. Mara baraza la jirani likazibwa likawa fremu ya duka. Kisha chumba cha mbele kikawa stoo. Mpangaji wa chumba alikuwa analipa kidogo kila mwezi, na mwenye mzigo analipa mara tano, tena mwaka mzima kwa mpigo. Sasa hapo mwenye nyumba afanyeje? Yule Mmakonde na mkewe walihamia Mbagala mwaka 1994, na chumba chao kikajazwa marobota ya mitumba. Hivi ndivyo watu walivyoanza kupungua Kariakoo, kabla hata ghorofa hazijashamiri. Waliotangulia kuwahamisha watu ni mizigo.

Bibi alifariki 1998. Warithi tulikuwa tisa, na nyumba moja ya vyumba sita haigawanyiki kwa tisa. Mwaka 2005 akaja mwekezaji. Simtaji jina. Alikuwa mtu mzuri wa maneno, anatoa shikamoo mpaka kwa vijana. Alisema ninyi toeni kiwanja, mimi natoa pesa, tutajenga ghorofa nane, mtapata flati zenu bila kutoa hata senti. Miaka miwili tu mtakuwa mmerudi.

Karatasi za makubaliano zilikuwa kurasa kumi na nne kwa Kiingereza. Wajomba walisaini. Mimi na dada zangu tulisaini. Najua kusoma, lakini Kiingereza cha mwanasheria sikukijua, na niliona aibu kusema "nisomeeni kwanza" mbele ya wajomba. Hilo ndilo kosa langu na nimelibeba mwenyewe. Kumbe karatasi inasema warithi wapewe flati tatu za juu, mbili ghorofa ya sita na moja ya saba, na fremu zote za chini na flati nyingine kumi na moja ni za mwekezaji. Tena fremu moja ya chini inaingiza kwa mwaka kuliko flati zetu zote tatu, na juu ya kodi kuna kilemba. Miaka miwili ikawa minne. Tulikaa Tandika tukipanga, mpaka 2009 ndipo tukapewa funguo.

Nakumbuka siku ya kwanza. Tulipanda na mafurushi kichwani, watoto wanahesabu ngazi, zikafika mia na tano. Nilifungua dirisha nikaona bahari kwa mbali na paa la soko chini yangu kama uyoga, nikasema Alhamdulillahi. Kisha nikatafuta mahali pa kuweka jiko la mkaa. Hapakuwa na mahali.

Maisha ya ghorofani wanayajua wanaoyaishi. Flati yetu ni vyumba viwili na sebule, na tumeishi humo watu kumi na mmoja. Dirisha la jikoni linatazamana na dirisha la jengo la pili, mkono ukiunyoosha unaweza kupokea chumvi, na kweli tumeshapokezana chumvi. Mwenzetu mmoja anayefuata mzigo Guangzhou huko China anasema kule wana majengo yaliyobanana hivyo hivyo, na wenyewe wanayaita nyumba za kupeana mikono. Tulicheka sana. Tofauti, anasema, ni kwamba jirani wa huko hamjui hata jina.

Kwetu vilevile hatukuwa tunajuana, na hapo ndipo penye uchungu. Mlango wa geti wa chuma, komeo, umeingia ndani umekwisha. Mwanamke wa ghorofa ya pili alipigwa na mumewe miezi na miezi, sisi tunasikia kishindo tunadhani ni makuli wanashusha mzigo. Uwani tungejua siku ya kwanza. Nguo tunaanika kwenye ngazi au juu ya paa, zikiibiwa hujui umuulize nani. Watoto wanacheza koridoni gizani. Lifti? Tundu la lifti lipo, lifti yenyewe haijaja mpaka leo. Kwanza watu walitupa taka humo, harufu ikapanda mpaka kwetu, baadaye pakazibwa mbao pakawa stoo ya maboksi ya viatu.

Na flati zenyewe zikaanza kugeuka stoo. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Leo jirani yako ni familia, kesho ni marobota mpaka darini. Usiku wa manane makuli wanapandisha, mchana wanashusha. Walioishi chini walihama mmoja mmoja, kwa kodi ya mwaka mzima mkononi na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Kwa hiyo kama ni kubanana, tumebanwa mara mbili, watu kwa watu, na watu kwa mizigo.

Sasa nafika kwenye pampu. Ilikuwa masika ya mwaka 2015. Maji ya bomba yanaishia kwenye tangi la chini, na pampu ndiyo inayoyapandisha kwenye masimtanki ya juu ya paa. Pampu ikaungua. Mwenye jengo alipoulizwa alisema mafundi wanakuja, na wakawa wanakuja wiki tisa. Vijana wa madumu wakapata biashara, dumu moja shilingi 300 ghorofa ya kwanza, shilingi 1,000 ya sita. Mimi na wenye mifuko kama yangu tulibeba wenyewe.

Mwenye ndoo hafiki ghorofa ya sita bila kupumzika. Pale kwenye kona kati ya ghorofa ya tatu na ya nne pana upana kidogo na dirisha la matofali ya matundu, upepo unaingia. Kila mtu alikuwa anatua hapo. Siku ya kwanza mnasalimiana, siku ya pili mnaulizana kwenu wapi, siku ya tatu mmoja anatoa mihogo kwenye kanga. Alikuwepo Mpemba wa ghorofa ya nne, Mkinga mwenye duka la vyombo, Mchaga wa ghorofa ya saba, mama ntilie wa Mtaa wa Sikukuu ambaye anapanga chumba kimoja ndani ya flati ya watu, na mimi. Yule Mchaga, Mungu amlaze pema, ndiye aliyekaa juu ya ndoo yake akasema, "Jamani, huyu mtu hatanunua pampu. Tukichanga 10,000 kila mmoja, watu kumi na wanne, si tunanunua wenyewe?"

Tukachanga. Haikutosha, tukaongeza. Pampu ikafungwa siku ya Ijumaa, na maji yalipotoka bombani ghorofa ya saba mtu alipiga kigelegele kikasikika mpaka mtaani. Jumapili yake tukakutana pale pale konani kupiga hesabu. Zilibaki shilingi 22,500. Mama ntilie akasema zisigawanywe. Huo ndio mtaji wetu wa kwanza, na mahali pale mpaka leo tunapaita Uwani.

Tulianza kumi na wanne, hisa shilingi 2,000, kila Jumapili. Leo tupo arobaini na sita, hisa 5,000, mfuko wa jamii 1,000, na mkopo ni mara tatu ya akiba yako. Utaratibu wa boksi lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu tuliufuata kutoka kwa vikoba vingine, lakini sisi kwanza tulidharau, tukaweka kufuli moja. Mwaka 2017 mweka hazina wa wakati ule alimkopesha ndugu yake shilingi 1,900,000 bila kikao, eti kontena linafika wiki ijayo. Kontena lilikaa bandarini miezi. Tulifika mahali pa kutaka kumpeleka polisi. Kikao kile kilikwenda mpaka saa sita usiku, watu wanalia kwenye ngazi. Tukakubaliana alipe kidogo kidogo, na alilipa yote, miezi kumi na minne. Bado ni mwanachama, na ameniruhusu niandike haya mradi nisimtaje. Kesho yake tulinunua kufuli mbili.

Mkopo mkubwa kwetu ulikuwa ni kodi. Mikopo ya biashara ilikuwepo, lakini tulipofungua daftari mwisho wa mwaka wa tatu tuliona nusu ya fedha imekwenda kwenye kodi ya nyumba, maana mwenye nyumba anadai miezi sita au mwaka, na mwanamke wa kuuza chapati hana mwaka mzima mkononi. Wanachama tisa wangeshahama Kariakoo lau si boksi. Hili sijaliona limeandikwa kwenye ripoti yoyote, kwa hiyo naliandika hapa.

Jambo jingine ni machela. Mwaka 2018 yule mwenzetu wa ghorofa ya saba alifariki nyumbani, usiku. Sanduku halikuweza kukata kona ya ngazi. Walijaribu kulisimamisha, haikuwezekana kwa heshima. Mwisho mwili wake ulishushwa kwenye shuka na vijana wanane, ghorofa saba, tochi za simu zinamulika kwa kuwa Luku ya koridoni ilikuwa imekwisha. Chini hapakuwa na mahali pa turubai kwa mizigo iliyozagaa, msiba ukahamishiwa Magomeni kwa ndugu. Sisi majirani zake wa miaka tisa tukaenda kuhani kwa daladala. Tulipotoka kule tulinunua machela ya kukunja, ipo nyuma ya mlango wangu. Imeshashusha wagonjwa watano, na mwaka 2020 ilimshusha mjamzito ambaye alijifungua salama. Mtoto yule sasa anapanda ngazi mwenyewe.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Tuliona moto kutoka madirishani, joto linafika usoni. Wenzetu sita walikuwa na meza mle, na wiki ile boksi halikupokea hisa, lilitoa tu. Tulitumia mfuko wa jamii wote tukabaki na shilingi 4,000. Halafu wakati ule ule tukatakiwa kukamilisha usajili kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, fomu na katiba na picha. Katibu wetu alihangaika nazo peke yake, na tukasajiliwa.

Sasa nieleze ya Novemba 2024, ambayo wengine hawapendi niyaandike kwenye kijitabu cha sherehe.

Mji huu ulishaona majengo yakianguka. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa mjini, karibu na Kisutu, liliporomoka likaua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wanacheza. Tulisikitika, lakini tulijisemea lile lilikuwa linajengwa, letu limekwisha kujengwa. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi jengo la ghorofa nne lenye maduka liliporomoka hapa hapa kwetu, upande wa Mchikichi na Congo. Sauti yake ilikuwa kama lori linamwaga kokoto, ila haikukoma, kisha vumbi. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, na zaidi ya 20 walikufa. Kwa siku kadhaa kulikuwa na walionasa chini wakiwa hai, wanapitishiwa maji na glukosi kwenye upenyo, ndugu zao wamekaa barabarani wanasubiri. Kijana wa dukani kwa mwanachama wetu mmoja alikuwa ndani. Hakutoka hai.

Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Lakini sisi Jumapili ile ile tulikaa Uwani, na kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa anaangalia ukuta. Tulijua mambo tuliyokuwa tunayanyamazia. Tulijua chini wanapiga nyundo usiku kupanua fremu. Tulijua ghorofa ya pili na ya tatu zimejaa mzigo wa vigae na vyombo vya udongo. Tulijua bomba la choo linavuja kwenye nguzo ya nyuma tangu 2019, na mimi Mwenyekiti nilikuwa natega ndoo.

Kikao kiligawanyika. Nusu walisema tuvunje boksi, tugawane, kila mtu aende zake Mbagala na Gongo la Mboto. Nusu walisema tuhame twende wapi, biashara ipo hapa. Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilitaka kugawana, nasema kweli, nilishapiga hesabu ya fungu langu kichwani. Aliyetugeuza ni Mkinga wa vyombo. Alisema, "Tulinunua pampu ambayo haikuwa kazi yetu. Tumnunue na fundi wa kutuambia ukweli, halafu ndiyo tuamue." Kura zikawa ishirini na sita kwa kumi na saba.

Tukalipa mhandisi wetu wenyewe, shilingi 850,000 kutoka mfuko wa jamii. Mwenye jengo alikataa asiingie chini, akisema sisi wa juu tunahusika na juu. Hapo ndipo ile Sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo ilipotusaidia. Binti wa mwanachama wetu, anayesoma sheria, alitusomea kwa Kiswahili, pole pole, ukurasa kwa ukurasa, na safari hii nilisema bila aibu "rudia hapo". Mwenye flati anaweza kupata hati yake mwenyewe, na ngazi, nguzo, paa na msingi ni mali ya pamoja, inayosimamiwa na chama cha wenye flati. Jengo letu halikuwahi kuwa na chama hicho miaka kumi na tano. Tuliandika barua, tukasaini wote, wenye flati na wapangaji, na nakala tukapeleka serikali ya mtaa. Siku ya tatu mlango wa chini ukafunguliwa.

Mhandisi aligonga kila nguzo. Alisema nguzo mbili za chini zimechongwa pembe ili rafu za duka zikae, ya nyuma nondo zake zimeanza kula kutu kwa maji ya choo, na mzigo wa ghorofa ya pili na ya tatu ni mzito kuliko sakafu ya kuishi watu inavyotakiwa kubeba. Hakusema jengo linaanguka, na hakusema haliangui. Alisema mzigo utolewe, bomba litengenezwe, nguzo zifungwe upya, na arudi kupima.

Mpaka naandika haya, bomba limetengenezwa, tumelipa sisi. Ghorofa ya tatu imetolewa mzigo, na mwezi uliopita ameingia mama mmoja na watoto wanne, ameshajiunga na kikundi. Ghorofa ya pili bado kuna marobota. Nguzo moja imefungwa upya, ya pili mwenye jengo anasema mafundi wanakuja. Hati za flati zetu tatu zipo kwenye maombi, na chama cha wenye flati kitachagua viongozi wake mwezi ujao. Mimi sigombei, nimeshasema, magoti yangu hayataki tena.

Wanachama watatu walihama baada ya mkasa ule, wawili Mbagala na mmoja Kigamboni. Tuliwapa mafungu yao, wakakataa kujitoa. Wanakuja kila Jumapili saa kumi alasiri kwa daladala na kivuko, wanapanda mpaka konani, wanatua mikoba, tunaanza.

Barua ya mhandisi, kurasa tatu, tuliomba aiandike kwa Kiswahili. Imo ndani ya boksi pamoja na daftari. Wenye funguo ni mama ntilie, Mpemba wa ghorofa ya nne, na yule mweka hazina wa zamani. Mwanachama yeyote anayetaka kuisoma aje Jumapili, tutamfungulia.

Mwenyekiti wa Kikundi
Kariakoo, Dar es Salaam